Duka Lina Jina Langu Sasa, Baba

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokulia nyumbani, wewe Muganda na Mama Mwacholi, mkakutana katikati kwenye lugha ya kambi ya polisi tulimoishi. Na pia kwa sababu barua hii nikiisahau mezani, sitaki Baba Mkubwa aisome kirahisi. Unamjua kaka yako, kwake Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Basi na aachane nayo.

Niko dukani Wandegeya, kwenye meza yako ya kukatia. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Tangu asubuhi suruali moja nimeipiga pasi, nikaikunja, nikaikunjua, nikaipiga pasi upya. Fundi wetu Okot haulizi, lakini nasikia cherehani yake inasimama kila nikiinuka. Nina jambo la kukuambia na sijui nilianzie kwenye kola au kwenye pindo.

Nianze na bajeti. Mwaka huu nimeisikiliza bila wewe. Unakumbuka siku ile ya Juni tulivyokuwa tunafanya: redio juu ya rafu ya vifungo, waziri anasoma, wewe unashona kama husikii, halafu akifika kwenye nguo au mafuta ya gari mguu wako unaacha kanyagio. Ulikuwa unasema, "Wanasoma kwa Kiingereza, tutalipa kwa Kiswahili." Okot alicheka kila mwaka kama ndiyo kwanza anaisikia. Na wiki ile kabla ya hotuba ulikuwa unakwenda mjini kununua jora la ziada la kaki, maana wenye maduka ya vitambaa hawasubiri sheria ianze. Mwaka huu sikununua. Sikuwa na moyo wa kuingia duka lile nikaulizwa mzee yuko wapi. Basi wakaongeza ushuru wa vitambaa vya nje, na kesho yake asubuhi kaki ilikuwa na bei nyingine kabisa. Yule mama anayetuuzia aliniambia pole huku anapima.

Hiyo ningeimeza. Mwenye jengo naye akaja na lake: sasa wanamfuatilia kwa kila pango analopokea, na anachokatwa yeye juu anakishusha kwetu chini. Hiyo nayo nikaimeza, nikaongeza kidogo bei ya kupunguza suruali za wanafunzi, wakanung'unika, wakalipa. Mama wa chakula hapo jirani hakuongeza bei, alipunguza nyama tu, na akanikazia macho niseme kitu. Nikala.

Kilichonipiga ni risiti. Waziri aliitaja kwa sentensi moja na mimi sikuielewa. Niliielewa mhasibu wa kampuni ya walinzi tunayoishonea sare aliponipigia. Unamjua, yule mwembamba anayesema "afande" kwa kila mtu. Alieleza kwa upole kabisa: kuanzia Julai, kitu chochote watakachonunua bila risiti ya kielektroniki, kwa watu wa kodi ni kama hawakukinunua, na pesa waliyoitoa watatozwa kodi kana kwamba bado wanayo mfukoni. Kazi yetu wanaipenda. Mashati yetu hayaachii mabegani. Lakini risiti zetu za kuandika kwa kalamu hawazitaki tena, na kama sina zile za kompyuta, sare zitakwenda kwa mwingine.

Baba, ukiondoa sare za walinzi hapa, kinabaki nini? Zipu za mabegi na pindo za wanafunzi. Okot hawezi kulisha nyumba kwa zipu. Mama Shamim, anayetushonea matundu ya vifungo, analipia watoto wake shule kwa matundu hayo. Nikamwambia mhasibu anipe muda kidogo, risiti nitazipata.

Nilisema hivyo, na namba ya mlipa kodi ni yako.

Hapo ndipo penyewe. Kwetu Buganda mtu akifa, kiti chake hakikaliwi mpaka siku ya olumbe, ukoo ukutane, ufunge msiba, umvike mrithi vazi la gome la mti. Mrithi wako ni Wasswa, pacha wangu, hakuna aliyebisha. Na lubuga, yule dada anayesimama kando ya mrithi mbele ya ukoo mzima, nilitajwa mimi siku ileile tuliyokuzika. Ssenga, dada yako, alitutazama, pacha wawili na macho yamevimba, akasema hawa walitoka pamoja, watasimama pamoja. Nililia, na katika kulia kule kulikuwa na furaha. Nisamehe, lakini ilikuwepo.

Ila Wasswa yuko Doha analinda mlango wa hoteli, na likizo yake ni Desemba. Kwa hiyo olumbe nayo ikawekwa Desemba. Na mimi nikaacha kila kitu kama ulivyokiacha. Simu yako ya duka niliichaji. Wateja walipotuma pesa, jina lililotokea lilikuwa lako, na mmoja alinipigia akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli ulikufa. Na wale wa kodi nao walikuandikia: mlipa kodi mpendwa, ritani yako inakaribia. Unajua nilifanya nini? Niliijaza, ile taarifa yao ya mauzo. Tangu macho yako yalipochoka ni mimi niliyekuwa nakujazia mauzo kwenye simu, wewe umeketi pembeni unasema, "Weka ukweli, Nakato, mimi siwezi tena kukimbia." Nikaendelea tu. Ujumbe ukija najaza, nalipa, nabonyeza. Sikuona kosa lolote. Niliona ni heshima, kama kukufulia kanzu yako na kuitundika.

Ngoja, Baba, kuna mteja.

Nimerudi. Msichana wa hosteli, anataka sketi ipunguzwe kiuno na anataka leo. Kila mtu anataka leo.

Basi nikaenda ofisini kwa watu wa kodi na cheti cha kifo na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Nilimkuta mama mmoja mwenye miwani, mtu mzima, anaongea taratibu. Aliingiza namba yako, akaangalia, akaangalia tena, akaangalia cheti. Akaniambia, "Dada, huyu mzee ametuma ritani mwezi uliopita." Akaongeza kwamba tena amelipa, na kwa wakati, na walio hai wengi hawafanyi hivyo. Nilitaka kucheka. Nikamweleza yote, olumbe, simu, heshima, mpaka nikahisi watu wa nyuma yangu kwenye foleni wananisikiliza.

Hakunifokea. Alisema nina bahati nililipa, maana kama ningemtumia marehemu kujifichia, tungeongea lugha nyingine. Lakini mauzo yote baada ya kifo chako hayawezi kukaa kwenye jina lako, mtu aliyezikwa hauzi mashati. Atayahamishia kwangu. Na akanionyesha njia mbili. Kwanza, familia nzima tutie sahihi, twende mahakamani, tupewe usimamizi wa mali yako, halafu duka lifuate, na hilo halina haraka. Au nijiandikishe mimi mwenyewe. Siku hizi namba ya kitambulisho cha taifa cha mtu ndiyo hiyohiyo namba ya kodi, kazi ya asubuhi moja, na risiti za kompyuta napata hapohapo.

Nilimpigia Wasswa nikiwa bado kwenye ngazi za ofisi. Akasema, "Fungua, dada. Mimi ndiye mrithi, na mimi ndiye nimekutuma." Baba, nilitembea kutoka pale kama nina miaka kumi na tano.

Ningeishia hapo. Lakini ulitulea na adabu, nikaona siyo vizuri Baba Mkubwa asikie kwa watu. Jumapili nikaenda Mpigi. Nilimkuta kwenye duka lake la misumari na mabati, yeye mwenyewe analalamika kuhusu risiti hizohizo, nikajua leo tutaelewana. Tukaingia ndani, nikapiga magoti, nikaeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akawageukia waliokuwepo, si mimi, akasema, "Mrithi hajavikwa, na msichana ameshakaa kwenye kiti." Nikamwambia Julai haisubiri Desemba. Akasema Julai ni ya serikali na Desemba ni ya ukoo, na jina la mwanamume halitolewi nyumbani kwake na binti yake mwenyewe. Nikienda ofisi ile, lubuga atakuwa mwingine.

Halafu akampigia Wasswa palepale, simu akaiweka spika ili wote wasikie. Akamuuliza kama ni kweli alinituma.

Nilisikia magari ya Doha yanapita. Pacha wangu akasema, "Baba Mkubwa, wewe ndiye mkubwa." Basi, hivyo tu. Jioni aliniandikia neno moja, nisamehe, na mimi sikumjibu. Siku ile nilimchukia, Baba. Nilimchukia sana na nilikuwa nampenda palepale.

Baada ya hapo sikutulia mahali. Nilianza kupanda kilima cha Lubaga mchana, pale tulipokusalia misa ya mazishi, nikakaa kwenye benchi nje ya kanisa, nikainuka kabla hata sijafanya ishara ya msalaba. Nyumbani Kamwokya Mama ananiambia kula, nakula nimesimama. Nakata kitambaa na kichwa kiko Mpigi, niko Mpigi kichwani na mkasi unapita pasipo chaki. Niliharibu mgongo wa shati kwa sababu hiyo, kaki ya bei mpya. Ungekuwepo ungenipiga na ile rula yako ya mbao, kidogo tu, begani.

Kilichonitoa kwenye kuzunguka ni Mama Shamim. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, macho yake hayakunitazama, akauliza kama naona ni vizuri aanze kutafuta kazi pengine. Alisema kwa adabu kubwa, kama anaomba maji. Okot akaacha kushona. Nikasema hapana, keshokutwa nitakuwa na jibu.

Na kabla ya hiyo keshokutwa, yule mhasibu mwembamba akanipigia tena, na mara hii alikuwa na habari njema. Ameisoma sheria. Biashara mpya ya raia, ndogo kama yetu, imesamehewa kodi ya mapato kwa miaka ya kwanza. Akaniambia, "Afande, sema tu duka ni jipya." Jina jipya, namba mpya, mtu mpya, nani atabisha? Na kweli, nani angebisha. Nilishahesabu cherehani ya kuzungushia pindo uliyoitamani tangu nikiwa shuleni. Miaka ile ya msamaha ingeinunua bila mkopo. Nilikwenda ofisini nimeshakubali, nakuambia ukweli.

Yule mama wa miwani alinikumbuka. Akafungua skrini, akaanza kuuliza, jina, mtaa, kazi gani. Nikajibu haraka haraka nimalize. Kisha akauliza hii biashara ni mpya, au imeendelea kutoka kwa mtu mwingine.

Alirudia swali akidhani sijasikia. Nikaona jinsi itakavyokuwa: huko Mpigi wanasema binti amefuta jina la baba yake, na hapa mimi mwenyewe natia sahihi kwamba hakuna mtu kabla yangu. Kwamba hii meza haikuwa na mtu. Kwamba kukata bega lililonyooka nilijifundisha.

Nikasema, "Imeendelea. Kutoka kwa baba yangu."

Aliondoa mikono kwenye kibodi, akanieleza taratibu kwamba nikisema hivyo msamaha siupati, nitatozwa kama watu wote. Nikamwambia nimesikia. Akaniuliza nina uhakika. Nikasema mama, andika kabla sijabadilisha. Akaandika. Nilikuwa na hasira, Baba, usifikiri nilikuwa mtakatifu. Hasira na Baba Mkubwa, na Wasswa, na wewe pia. Wewe uliyejua kupanga jora la kaki kabla ya bajeti na hukupanga hili. Tulikuwa tunazungumza kila siku. Ulishindwaje kusema neno moja kuhusu duka?

Kisha akanipa ritani yako ya mwisho nijaze tarehe ya kifo. Tangu tukuzike sikuwa nimeiandika tarehe ile mahali popote. Alisubiri. Foleni nayo ikasubiri, mpaka nikaiandika.

Kwa hiyo sasa nakuambia lile la asubuhi: duka lina jina langu. Simu pia nimeihamisha, mteja akituma pesa anamwona Nakato. Julai niliwapelekea walinzi mashati yao na risiti ya kompyuta juu yake, mhasibu akaipiga picha kama mtoto mchanga. Kazi imebaki. Okot yupo, Mama Shamim yupo, matundu ya vifungo yanaendelea. Lakini usifikiri ni raha. Kila shati ninaloliuza serikali inaliona siku hiyohiyo. Zamani mwezi mbaya tuliubana wenyewe kimyakimya, sasa mwezi mbaya unao mashahidi. Mwisho wa mwezi nikilipa, nakumbuka ile miaka niliyosamehewa nikaikataa, na kuna siku najiita mjinga kwa sauti. Cherehani ya pindo bado iko dirishani kwa Mhindi muuza cherehani. Naipita upande wa pili wa barabara.

Na ukoo umekaa kikao. Baba Mkubwa hakubadilisha neno. Atakayesimama na Wasswa ni Nalule, binti yake mwenyewe. Sina ugomvi na Nalule, alikuja akanishika mkono akalia, maskini, kama yeye ndiye ameibiwa. Wasswa amesema atazungumza nao akifika. Sijamwomba. Namjua, atafika, atasalimia, ataambiwa keti, naye ataketi.

Wiki iliyopita, Baba, nani aliingia hapa dukani? Kaka yako. Alipanda basi kutoka Mpigi na daftari la vipimo, anataka kanzu za wazee wote wa ukoo kwa ajili ya olumbe. Alisema Kampala yote hakuna anayejua mabega yao kama duka hili. Alisema duka hili, hakusema wewe. Nilimpima yeye kwanza. Amekonda. Nilizungusha futi kifuani mwake, na tulikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia anavyohema. Akalipa malipo ya kwanza, akainuka, akakaa tena. Akasema, "Na risiti yangu? Ile ya kompyuta."

Kumbe na yeye wamembana. Bila risiti hizo misumari yake inatozwa mara mbili, kwa hiyo anaokota kila risiti anayoipata, hata ya kanzu za msiba. Sikumuuliza kanzu za olumbe zinaingiaje kwenye gharama za mabati. Niliichapa. Akaisogeza mbali na macho kama mnavyofanya wote wa kwenu, akasoma jina langu juu, lote, akasogeza midomo. Nilisubiri aseme. Akaikunja, akaiweka mfukoni, akaniuliza basi la Mpigi siku hizi linaondokea wapi.

Nilikasirika kuliko siku ya simu ya spika. Jina langu ni baya mbele ya ukoo, lakini kwenye risiti linafaa. Nilimwambia Mama jioni, nikitembea chumbani huku na huku, na Mama aliniacha mpaka nikachoka. Kisha akaniita Acen, jina la Kiacholi analoniita akiwa hana mchezo. Akasema kanzu zile nizishone vizuri kuliko zote nilizowahi kushona, niende nazo, na nisilie mbele yao.

Nazishona sasa. Hiyo pasi yote ya leo ni kukwepa kanzu ya Wasswa, maana ndiyo imebaki, na kila nikiishika naona nafasi iliyo kando yake. Nitaimaliza kesho. Nakuahidi haitakuwa na mkunjo. Nakuahidi pia kwamba Jumatatu baada ya olumbe mlango huu utafunguliwa saa ileile uliyokuwa unaufungua, na nitalipa ninachodaiwa kwa jina langu, na yeyote atakayeuliza duka hili lilianza na nani, nitamwambia ni wewe, hata kama kusema hivyo kunanigharimu.

Kwaheri, mzee wangu. Ssalongo wangu, baba wa pacha. Pumzika, mimi ndiye sijapumzika.

Na siku hiyo, watakapomvika Wasswa gome la mti na watu wote wakasimama, usinitafute mbele. Nitakuwa nyuma ya nyumba na wanawake, namenya matoke.

Nakato